Wanafunzi wa Kuazima

Watu wengi nimewachukia maishani mwangu, na karibu wote nimekwisha kuwasamehe, maana chuki huchosha. Dharau haichoshi. Promota wa shule niliyofundisha kule Kasungami nilianza kumdharau juma la kwanza, na mpaka leo namdharau bila kutoka jasho.

Promota, kwetu Lubumbashi, ni mtu mwenye shule ya binafsi. Si lazima awe amesoma. Huyu wetu alikuwa ameuza samaki wa chumvi, halafu mabati, halafu akagundua kwamba elimu haiozi wala haishiki kutu. Akajenga vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma pembeni mwa mashamba ya mahindi, akaviezeka kwa mabati yaliyomdodea dukani, akaita mahali pale shule ya sekondari ya mfumo mpya. Mfumo wenyewe ulikuwa huu: watu waliokatiza masomo zamani, kwa sababu ya mimba, au ndoa, au machimbo, au njaa tu, warudi darasani, wasome miaka miwili ndani ya mmoja, kisha wafanye mtihani wa serikali na wapate diploma kama wenzao. Wazo lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi baadaye, kwamba wazo zuri namna ile liliangukia mikononi mwa mtu yule.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu pale Kasapa, nina digrii ya Kifaransa, na kwa mwaka mzima nilikuwa nyumbani kwa dada yangu nikiogesha watoto wake na kumsikiliza shemeji akiuliza, kwa upole wa kuudhi, kama maombi yangu ya kazi yamejibiwa. Niliposikia kuna shule inatafuta mwalimu, sikuuliza ni shule gani.

Promota alinipokea katika biro, yaani ofisi yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka ambacho hakikuzunguka tena, amevaa koti na kizibao katika joto lile.

"Ulisoma nini?"

"Kifaransa, Papa."

"Ni muzuri. Utafundisha Kifaransa, historia na kemia."

"Kemia sikuisoma."

"Na bale baeleve, bo balisoma kemia?" Baeleve ni wanafunzi. Aliningoja nijibu. "Basi muko sawa."

Ukutani nyuma yake zilipangwa picha za watu ndani ya fremu, na juu yazo maandishi makubwa: Walimu Wetu. Niliwasalimu moyoni kama wenzangu wa kesho. Kesho yake nilikuta walimu wawili tu. Mmoja alikuwa prefe, yaani msimamizi wa masomo, shemeji yake promota, ambaye kazi yake ilikuwa kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kuwa kengele, na kufunga kravati shingoni. Wa pili alikuwa mzee mmoja wa hesabu, mstaafu, aliyekuja kwa baiskeli na hakumcheka mwanafunzi hata siku moja. Yeye ndiye niliyemuuliza habari za picha.

"Yule wa miwani ni mjomba wake," akaniambia. "Alikufa."

"Na yule wa pembeni, mwenye ndevu?"

"Alikuya kuomba kazi. Kazi hakupata. Picha ilibakia."

Nilicheka, naye hakucheka. Baadaye nilielewa kwa nini. Picha yake mwenyewe haikuwamo.

Wanafunzi walikuwa wachache mno. Promota alikuwa na tabia ya kusimama uani akipiga simu kwa sauti, akisema masomo, yaani shule, imejaa, nafasi hakuna, labda mutu akuye mapema. Nyuma ya mgongo wake, darasani, wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho wangeenea kwenye benchi mbili na bado pakabaki pa kuweka mikoba. Lakini wale waliokuwepo walikuwepo kweli. Kulikuwa na dereva wa pikipiki aliyesinzia ameshika kalamu. Kulikuwa na mchimbaji mmoja, mwanamume mwembamba mwenye kikohozi, aliyepoteza miaka mingi kwenye mashimo ya shaba upande wa Kolwezi, na ambaye hesabu zilimwingia kichwani upesi mpaka mzee wa baiskeli akawa anakuja na maswali ya ziada kwa ajili yake peke yake.

Na kulikuwa na mama mmoja aliyenizidi umri kwa mbali, ambaye darasa zima lilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliuza chikanda sokoni, ile keki ngumu ya kiazi cha porini na karanga ambayo watu wa mji wetu hula wakiwa wamesimama. Aliacha shule kwa mimba ya binti yake wa kwanza. Sasa binti huyo alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari katika shule ya masista, na Yaya hakuficha kilichomrudisha darasani.

"Sitaki amalize mbele yangu," alisema. "Ataniringia mpaka nife."

Alikuja na mtoto wake wa mwisho mgongoni, na beseni la chikanda akaliweka chini ya benchi. Kifaransa kilimshinda, naye akakishika shingo. Siku moja aliniuliza kwa nini je vais na nous allons hazifanani, wakati kwenda ni kwenda tu. Nikamwambia ndivyo ilivyo.

"Basi Bafaransa habakumalizaka kazi yabo," akasema, akaandika.

Baada ya Krismasi promota alituita biro, mimi, mzee na prefe. Shule ilikuwa bado haina ruhusa ya kupeleka watahiniwa kwa jina lake yenyewe, na inspekta alikuwa anakuja Alhamisi kuikagua.

"Atataka kuona baeleve," promota akasema. "Sasa, betu beko bachache, tena beko bazee. Yule mama wa chikanda, anafanana eleve? Inaharibisha sura ya masomo."

"Ndio wanafunzi tulio nao," nikasema.

"Nilishaongea na kwaya."

Promota alikuwa mzee wa kanisa katika mtaa wake. Nilidhani anataka wimbo wa kumkaribisha mgeni. Mzee wa baiskeli alielewa mara moja, akainama akaanza kufungua na kufunga kamba za viatu vyake. Prefe alisema ni wazo la hekima. Siku ya Jumatano promota alipita darasani mwenyewe, akawaambia wanafunzi wetu kwamba kesho wabaki nyumbani, wapumzike, kwa maana wamejitahidi sana.

Alhamisi nilipofika, benchi za kanisa zilikuwa zimekwisha kuletwa kwa mkokoteni, na vijana wa kwaya walikuwa wamejaa uani, mashati meupe, sketi na suruali za bluu, wametakata kama siku ya Pasaka. Prefe alikuwa akiwagawia madaftari ya zamani. Waimbaji wa sauti nene walipelekwa kwangu, wasichana wa sauti nyembamba kwa mzee, kisha promota akaona haipendezi, akawachanganya. Nyuma ya jengo mke wake alikuwa akikaanga kuku, na harufu iliingia madarasani, ikawashughulisha wale wanafunzi wapya kuliko ubao.

Inspekta alishuka kwenye pikipiki ya kukodi, viatu vimejaa matope, mtu mkavu mwenye sura ya kuamshwa mapema. Promota alimpeleka moja kwa moja darasani kwangu. Wale vijana wakasimama wote kwa pamoja. Sijui ni nani aliyetoa noti ya kuanzia, labda ni mazoea tu ya mtu kuingia mlangoni na wao kusimama. Wakaimba bonjour, monsieur l'inspecteur, kwa sauti nne, na sauti nene zikabaki hewani kidogo baada ya nyingine kunyamaza.

Niliangalia dirishani. Nilikuwa na haya ambayo promota hakuwa nayo, kana kwamba kazi ya kuona haya ilikuwa nayo imeongezwa juu ya kemia na historia.

Inspekta alitembea mpaka katikati, akamwonyesha kijana mmoja mnene.

"Mko mwaka wa ngapi hapa?"

Kijana akamtazama jirani yake. "Ya tano," akasema. "Ao ya sita."

"Na huyu mwalimu wenu, anaitwa nani?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kuniona. Msichana wa mbele akaokoa jahazi kadiri alivyoweza. "Anaitwa Mama Mwalimu."

Hapo ndipo tuliposikia ugomvi mlangoni. Prefe alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kama anazuia mbuzi.

"Leo hakuna masomo," alikuwa akisema.

"Hakuna masomo, na bale ni ba nani?"

Yaya alipita chini ya mkono wake, mtoto mgongoni, beseni kichwani. Hakumtazama promota wala mgeni. Alikwenda moja kwa moja penye benchi yake, akamkuta kijana wa kwaya amekaa pale na daftari tupu.

"Mutoto, toka. Ile benchi iko yangu."

Kijana alimtazama promota. Promota alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la mtu anayeuza bati lenye tundu.

"Inspekta, utuwie radhi. Ni mama wa kuuzisha tu. Anakuyaka ku rekreasio, saa ya kupumzika."

Yaya alitua beseni lake. Alikuwa hana haraka. "Papa Inspekta, miye niko eleve ya hapa. Balituambia tubakie ku nyumba sababu tuko bazee. Bengine balibakia. Miye sikubakia, sababu leo njo siku ya Kifaransa."

Mtu angetegemea promota akose la kusema. Watu wa namna ile hawakosi. Alianza kueleza habari za mfumo mpya, ushirikiano wa vizazi, wazazi wanaotembelea darasa. Inspekta alimwacha aongee. Alichukua chaki mezani kwangu, akampa Yaya, akamwambia anyambue ubaoni kitenzi aller, yaani kwenda. Kwa bahati njema au mbaya, ndicho kile kile kilichomkasirisha. Yaya aliandika herufi kubwa zilizopanda mlima, mtoto akivuta kola yake. Je vais. Tu vas. Alifika nous allons akaguna. Mwishoni akaandika ils allent.

"Ils vont," inspekta akamrekebisha.

Yaya aliufuta mstari kwa kiganja. "Balibadirisha tena," akasema.

Inspekta alicheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha mfukoni, na kwaya nzima ikacheka kwa kufuata. Mimi sikucheka. Nilingoja afanye kazi iliyomleta: awafukuze wale watoto, amuulize promota kwa nini wanafunzi wa kweli wamefungiwa nyumbani kama kondoo wagonjwa. Badala yake alikwenda biro akala kuku. Alikula vizuri, bila haraka, na alipotoka alinunua chikanda kwa Yaya, akakitafuna huku anangoja pikipiki.

"Mwaka huu nimetembelea shule nyingi," alimwambia promota mbele yetu. "Nyingine wote walikuwa wa kuazima. Hapa nimekuta mmoja wa kweli."

Ruhusa ikatoka. Jumapili iliyofuata promota alisimama kanisani akashuhudia jinsi Mungu alivyojibu maombi yake. Yule inspekta nimemweka rafu moja na promota, ila chini kidogo, kwa sababu yeye alijua kwamba ni aibu.

Miezi iliyobaki ilikwenda vibaya. Mzee wa hesabu alipata familia ya mjini iliyotaka mwalimu wa nyumbani kwa watoto wao, akaaga kwa heshima, akapanda baiskeli. Promota hakutafuta mwingine. Alisema hesabu ni biashara tu, naye biashara anaijua, akaingia darasani mwenyewe. Kwa majuma kadhaa alifundisha faida na hasara. Mchimbaji alipomwomba afundishe yale ambayo mtihani utauliza, promota alimjibu kwamba maisha hayaulizi hayo. Siku nyingine akamwambia mbele ya wote kwamba mtu wa shimoni asiwafundishe watu wa juu.

Yule mwanamume alirudi siku moja tu baada ya hapo, kuniaga. Alikuwa anarudi machimboni.

"Subiri mtihani," nikamwambia. "Kwa hesabu hakuna anayekufikia hapa."

"Mama mwalimu, kule chini, nikikosea ni miye njo nakosea." Alikohoa, akageukia pembeni kwa adabu. "Hapa nakosea sababu ya mwengine."

Sikumwona tena. Huyo ndiye ninayemkumbuka nikisikia watu wakimsifu promota kwamba ni mtu wa maendeleo.

Ulipofika wakati wa kuandikisha watahiniwa, promota aliniita peke yangu. Alitaka shule ishinde kwa asilimia mia mwaka wake wa kwanza. Alikuwa amewatia kwenye orodha vijana wa kwaya ambao wazazi wao walikaa benchi ya mbele kanisani, vijana waliokwisha kuanguka mtihani huo huo katika shule nyingine. Yaya hakumtaka.

"Muambie angojee mwaka kesho. Ataniaribishia pursantaji."

Nilimwambia Yaya neno kwa neno, hata lile la pursantaji. Hakulia wala hakutukana. Asubuhi iliyofuata alikaa mlangoni pa biro ya promota na beseni lake na mtoto wake, na kila mzazi aliyekuja kuuliza habari za shule alimsalimu vizuri, akamwambia, "Ingia tu, Mama. Miye nangojea kujua juu ya nini banakataa nisifanye mutihani." Siku ya pili akakaa tena. Ya tatu promota akamwandikisha, kwa sababu wazazi walikuwa wameanza kuondoka bila kuingia.

Kisha Yaya akamtafuta mzee wa hesabu mpaka nyumbani kwake. Mzee alikubali kuja Jumapili alasiri, uani kwa Yaya, na mimi nikawa nakuja kwa ajili ya Kifaransa. Dereva wa pikipiki alijiunga nasi, naye huko hakusinzia. Binti wa shule ya masista aliketi upande wa pili wa meza na vitabu vyake vilivyofunikwa nailoni, akijifanya hatusikii. Mama alipokosea, binti alikohoa. Binti alipokosea, mama alicheka waziwazi. Katika ua ule wa udongo, na kuku wakipita chini ya meza, ilifanyika kazi zaidi ya ile ya mwaka mzima chini ya mabati ya promota, na promota hakuijua, wala asingeitambua kama angeiona.

Matokeo yalitoka kwa simu. Binti alipita vizuri. Dereva wa pikipiki alianguka kwa alama chache, akapita mwaka uliofuata. Yaya alipita kwa alama za mwisho kabisa, zile ambazo ukipunguza moja unarudi nyumbani. Vijana wa kwaya walianguka wote. Majirani walitoka na poda nyeupe wakawamwagia mama na binti vichwani, kama desturi yetu, mpaka mtoto wa mgongoni naye akapiga chafya, mweupe kama mzimu.

Tulikuwa bado tunacheza uani promota alipofika na prefe. Alikuwa amekuja na kopo lake la poda, kubwa kuliko yote, na prefe alikuwa ameshika simu tayari kwa picha. Alimmwagia Yaya poda, akamshika bega, akaitazama simu.

"Njo huyu," alitangaza. "Masomo yetu inazaa matunda."

Nilijikuta nimesimama. Mzee wa hesabu alinigusa mkono, nikakaa. Yaya alikuwa amekunja mikono kifuani na hakutabasamu hata kidogo.

"Papa promota," akasema, prefe akiwa bado anapiga, "nilipata pointi ngapi?"

Promota alimtazama prefe. Prefe aliitazama simu.

"Mingi," promota akasema.

"Hapana," Yaya akamjibu. "Kidogo tu. Zile za hesabu nilipata kwa huyu muzee. Zile za Kifaransa, kwa huyu mama mwalimu. Zako, nilitafuta ku karatasi, sikuziona." Kisha akamkaribisha chikanda, kama mgeni mwingine yeyote, na promota akala. Alikula vipande viwili na akaomba cha kumpelekea mke wake.

Mimi niliondoka mwaka huo. Nafundisha sasa katika shule nyingine, ya kawaida, ambapo nafundisha somo nililosoma. Promota amefungua chuo, chuo cha juu, cha kutoa digrii, karibu na barabara kubwa. Alinipigia simu mwaka jana, sauti ile ile ya kuuza.

"Mama mwalimu, nakuwekea nafasi ya profesa."

"Ya somo gani?"

"Utachagua."

Nilikata simu. Alipiga tena mara moja akidhani mtandao ndio uliokatika, na kwa upande wake sidhani kama mpaka leo amefikiri vingine.

Yaya anasoma ualimu mjini, pamoja na vijana wa umri wa binti yake. Sokoni amemwachia mdogo wake beseni. Nilimkuta majuzi kwenye foleni ya maji, madumu mawili miguuni, nikamuuliza atapenda kufundisha darasa gani akimaliza.

"Batu bazima tu," akasema. "Batoto banasumbua, tena habajui juu ya nini balikuya."

Foleni ikasogea, akasukuma madumu yake kwa mguu, na akaanza kunilalamikia mwalimu wake wa saikolojia, kwamba anachelewa kila siku na akifika anasoma kitabu kwa sauti mpaka saa iishe.